Sheria ya Hodi Katika Nchi ya Wekeo

Anayeingia Wekeo haulizwi ametoka wapi wala amekuja kufanya nini. Huulizwa alipiga hodi lini mara ya mwisho. Raya Shekue, mhandisi wa madaraja, mwanamke wa miaka arobaini na sita ambaye hakuwahi kuandika namba ambayo haikupimwa, alijibu kwamba hajawahi, kwa kuwa chumba alichokijia si chake bali ni cha baba yake. Mlinzi wa lango aliandika "hajawahi", kisha akamwonyesha njia kwa kidole.

Juu ya lango palikuwa na kibao kirefu cha mbao kilichoandikwa kwa rangi nyeupe: WAKAZI MILIONI TISA. Raya alikisoma, akatazama barabara iliyokuwa mbele yake, akahesabu watu wasiozidi mia mbili. Alidhani wengine wako kazini.

Nchi ya Wekeo haina mashamba wala viwanda. Ina vyumba. Kila chumba kina mlango mmoja, rafu tatu, na muhuri wenye namba ya chumba. Mtu yeyote, wa nchi yoyote, hupewa chumba bure aweke humo anachotaka. Wapiga mbiu wa Wekeo walifika mpaka Kwemfinga, kijijini kwao Raya, wakiwa na vipeperushi vya rangi: leteni, wekeni, ni bure na ni milele. Baba yake, Mzee Shekue Kibanda, ambaye kwa miaka thelathini na moja alipima kina cha mto Lukwiza kila asubuhi kabla ya kunywa chai, aliwaamini. Aliyapeleka madaftari yake yote kumi na tisa. Nakala za nyumbani hakuona tena haja ya kuzilinda, na mchwa walizimaliza kwa msimu mmoja.

Sasa Kwemfinga walikuwa wanajenga daraja. La kwanza, la miti, lilichukuliwa na maji pamoja na watu kumi na wanane waliokuwa juu yake. La pili lingekuwa la zege, na urefu wa nguzo zake ulitegemea jambo moja: mwaka wa mafuriko makubwa, mto ulipanda futi ngapi. Namba hiyo ilikuwa katika daftari la kumi na moja na si mahali pengine popote. Mzee Shekue alikuwa ameugua miezi saba, kisha akafariki, na kilichofuata ni arobaini na mambo mengine yasiyoahirishwa. Mambo yalipotulia, Raya alichukua ufunguo na cheti cha kifo, akamwambia msimamizi wa ujenzi, Bwana Mlekwa, kwamba akikwama amwandikie kwa anwani ya chumba cha baba. Jibu lolote lenye muhuri wa chumba hicho alifuate. Barua za Wekeo zina sifa moja nzuri, nayo ni kwamba hufika kabla wino haujakauka, hata kama anayeandikiwa yuko upande wa pili wa dunia.

Korido za Wekeo ni ndefu na zina mwangwi. Kilichomshangaza Raya kwanza ni kelele. Watu walikuwa wamesimama mbele ya milango iliyofungwa, kila mmoja mbele ya mlango wake mwenyewe, wakiita: "Hodi! Hodi jamani!" Ndani hamkuwa na mtu, na wao ndio waliojua zaidi kwamba hamna mtu. Mwisho wa korido, karani aliyekaa kwenye kiti kirefu aliitikia "Karibu" bila kuinua macho, akaweka alama kitabuni. Aliyeitikiwa hakufungua mlango. Aligeuka akaenda zake.

"Una nini humo ndani?" Raya alimuuliza bwana mmoja mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri.

"Sikumbuki," alisema yule bwana. "Lakini ni changu."

Mwanamke mnene aliyekuwa ameketi kwenye kigoda karibu na ngazi, akichambua mchele kwenye ungo, alicheka. Jina lake lilikuwa Chausiku, na kazi yake, kama alivyojieleza bila kuulizwa, ilikuwa kuwapigia hodi wasioweza kuja. Alikuwa na sauti mia nne na kumi. Aliweza kuita kama mzee mwenye pumu, kama bibi harusi, kama mwanasheria aliyekasirika.

"Wewe ni mgeni," alimwambia Raya. "Unatazama milango kama mtu anayetazama ndege. Chumba namba ngapi?"

"Arobaini elfu, mia moja na kumi na saba. Cha baba yangu."

"Mara ya mwisho alipiga hodi lini?"

Raya alikuwa na tarehe. Chausiku alihesabu kwa vidole, akaacha kuchambua mchele.

"Miezi tisa imetimia jana, mwanangu. Sheria ya Hodi inasema asiyepiga hodi miezi tisa ametoweka. Akitoweka anapewa siku tatu za hisani, zikiisha wanakuja Wafutaji. Yuko wapi huyo mzee?"

"Amefariki."

"Usiseme hivyo dirishani. Sema ana mafua. Wekeo nzima ina mafua, wanalijua, hawaulizi zaidi. Kisha niambie alikuwa akiongeaje, nimpigie hodi yake, maana ufunguo haufungui mpaka hodi iitikiwe, uingie uchukue unachotaka. Mimi unanipa kanga tu."

"Mama, nakushukuru. Lakini mimi sidanganyi mbele ya karani. Nina karatasi zote."

Chausiku aliurudia mchele wake. "Karatasi zote," alisema. "Haya. Dirisha ni lile pale. Usiseme sikukwambia."

Dirishani alikaa yule karani aliyekuwa akiitikia hodi, Bwana Mdoe, Msikilizaji wa Korido ya Nne, mtu mwembamba mwenye adabu, kola yake imefungwa kifungo cha mwisho. Alimkaribisha Raya kiti. Alitafuta faili la chumba, akalifungua kwa uangalifu, na kabla ya kitu kingine chochote alisema ofisi imetimiza wajibu wake.

"Tulimwandikia mzee barua sita za kumtahadharisha, dada yangu. Sita. Sheria inataka tatu tu."

"Mlizipeleka wapi?"

"Chumbani kwake. Tulizipitisha chini ya mlango."

Raya alidhani hakusikia vizuri. "Mlimwonya mtu kwamba haji chumbani, na onyo lenyewe mkaliweka chumbani?"

"Ndiyo anwani yake."

"Mtu asiyekuja ataionaje?"

"Akija ataiona."

"Akija hataihitaji."

Bwana Mdoe alilifikiria jambo hilo kwa moyo safi. Haikuwa dhihaka; alikuwa analifikiria kweli. "Halijawahi kulalamikiwa," alisema mwishowe. "Kila aliyefika hapa kulalamika alikuwa amefika."

Raya aliona mabishano hayatafaa. Alifungua mkoba, akatoa cheti cha kifo chenye muhuri wa wilaya, barua ya mirathi, kitambulisho chake na cha baba yake, akavipanga mezani kwa mpangilio wa tarehe. Bwana Mdoe alivisoma kimoja kimoja. Uso wake ulianza kung'aa.

"Dada," alisema, "kwa miaka kumi na minne nimekaa kwenye dirisha hili nikisikiliza habari za mafua. Wewe ni mtu wa kwanza kuniletea ukweli, tena umekamilika." Aligonga muhuri mara nne, akavuta kamba iliyokuwa ikining'inia nyuma yake. Mbali kidogo kengele ililia.

"Kengele ya nini?"

"Ya Wafutaji."

"Kuna siku tatu za hisani."

"Kwa aliyetoweka, ndiyo. Yule tunamngoja, huenda akarudi. Marehemu tunamngojea nini?" Aliyasema haya kwa upole wa mtu anayetoa pole. "Ungesema ana mafua ningekupa siku zako tatu. Lakini umethibitisha."

Raya hakumbuki aliinukaje. Alikimbia kwenye korido akisoma namba za milango, na alipofika kwenye mlango wa baba yake aliukuta umekwisha kufunguliwa. Wafutaji walikuwa wawili, wamevaa mabuti ya mpira. Katikati ya korido walikuwa wameweka pipa la maji la magurudumu. Hawachomi, maana moshi huchafua kuta. Huosha. Walikuwa wanatumbukiza madaftari majini mawili mawili, wakiyakoroga kwa kijiti kama mtu anayeloweka nguo.

"Hayo ni ya baba yangu," Raya alisema. Aliona sauti yake imetoka kavu na ya kawaida, kama ya mtu anayetaja urefu wa boriti.

"Pole sana," alisema mmoja. "Lakini wewe si baba yako."

"Nipe moja tu. La kumi na moja."

"Nikikupa wewe mali ya mtu mwingine nitakuwa mwizi, shangazi. Sheria inamlinda mwenye chumba."

"Mwenye chumba ndiye mnayemwoshea vitu vyake."

"Ndiyo. Tunamlinda visije vikaangukia mikononi mwa watu."

Raya aliingiza mikono ndani ya pipa. Alitoa jalada, akatoa kurasa zilizoshikana, na katika moja aliona mwandiko wa baba yake, mistari iliyonyooka, safu ya tarehe na safu ya futi, na wakati akiitazama, safu ya futi iliyeyuka kwanza kwa sababu baba yake aliandika namba kwa wino wa bluu, ambao ni hafifu. Tarehe zilidumu kidogo. Kisha nazo zikaenda. Walipomaliza, Wafutaji walifagia sakafu ya chumba, wakaziokota zile barua sita, wakazipangusa na kuzifunga kwa uzi. Hizo hazioshwi. Ni nyaraka za serikali, na huhifadhiwa milele. Rojo la karatasi kwenye pipa, walimwambia Raya, hukaushwa na kuwa karatasi za kuandikia barua za tahadhari.

Raya alikata rufaa. Hakuwa na njia nyingine, na kwa tabia yake aliamini kwamba penye sheria pana mahali pa kuonyesha kosa. Baraza la Hodi lilimsikiliza siku ya sita, chini ya Mheshimiwa Ngwali, mwanamume mwenye sauti nzito aliyependa kufafanua maneno.

Hoja ya Raya ilikuwa fupi. Siku tatu za hisani ni za kila asiyekuwepo. Baba yake hakuwepo. Kwa hiyo alistahili siku tatu.

"Asiyekuwepo," alisema Mheshimiwa Ngwali, "ni yule ambaye angeweza kuja akaacha. Je, mzee angeweza kuja?"

"Hapana."

"Basi hakuacha kuja. Na asiyeacha kuja hajatoweka. Na asiyetoweka hapewi hisani ya waliotoweka." Wajumbe walipiga meza kwa viganja. Mjumbe mmoja, mama mwenye miwani, aliuliza kama basi mtu asiyetoweka hana haki ya kubaki na chumba chake. Mheshimiwa alisema swali ni zuri na litaundiwa kamati.

Raya aliuliza jambo jingine. Alikuwa amepita asubuhi ile kwenye Korido ya Kwanza, yenye milango ya shaba, ambako wakazi hulipia vyumba vyao. Aliwaona Wasikilizaji wakisimama mbele ya mlango mmoja na kusema "Shikamoo, mzee." Aliambiwa mwenyewe amekufa miaka arobaini iliyopita, ila malipo yake hujilipa yenyewe kutoka kwenye fungu aliloliacha.

"Yule ni mkazi hai," alisema Mheshimiwa.

"Amekufa."

"Kwenye korido ile hatuulizi habari za mafua."

"Na kibao cha langoni? Kinasema milioni tisa. Karani wenu ameniambia waliopiga hodi mwaka huu ni milioni moja na laki mbili. Waliobaki ni akina nani?"

"Ni wakazi."

"Mmewafuta."

"Vyumba ndivyo tulivyofuta. Watu hatuwafuti, bibie, sisi si wakatili." Wajumbe walicheka kidogo, wakamtazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekula kwa mkono wa kushoto. "Kibao kile kinatazamwa na wageni wakubwa wanaotaka kujua nchi ni kubwa kiasi gani. Ukubwa haupungui kwa sababu watu hawapo."

Rufaa ilitupwa. Jina la Shekue Kibanda, alielezwa kama jambo la kumfariji, lingebaki kwenye hesabu ya kibao daima.

Alirudi Korido ya Nne bila kujua anafuata nini. Huenda alitaka kuuona mlango tu. Chausiku alikuwa pale pale kwenye kigoda, na hakumsimanga. Alisogeza ungo ampishe. Raya alisimama mbele ya chumba cha baba yake, na kwa kuwa hakuna desturi nyingine ya kusimama mbele ya mlango, alisema, "Hodi."

"Karibu, karibu ndani," ilijibu sauti ya mwanamume.

Kwa muda wa pumzi moja Raya Shekue, aliyesoma na kuamini vitu vinavyopimika, alishindwa kuupata mguu wake wa kuupeleka mbele.

Ndani alikaa mtu wa makamo mwenye tumbo na uso wa bashasha, amezungukwa na redio za zamani. Alijitambulisha kwa jina la Tenge, fundi redio mstaafu. Alipewa chumba siku ile ile kilipooshwa; sakafu ilikuwa bado mbichi. Alipoambiwa Raya ni nani alifurahi.

"Kumbe wewe ndiye Raya! Kuna barua yako ilikuja, juzi. Mtu anaitwa Mlekwa. Nimekutunzia." Aliitoa chini ya redio. "Nisamehe, niliifungua. Chini ya mlango wangu, nikadhani yangu."

Barua ilikuwa na mistari mitatu. Mafundi wamekwisha kusuka nondo. Jumatatu wanamwaga zege la nguzo. Mafuriko makubwa yalikuwa futi ngapi?

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

"Nitamjibu sasa hivi," Raya alisema. "Nitamwambia asubiri."

"Nimekwisha kumjibu," alisema Tenge. "Niliona ana haraka, maskini. Mtu kauliza kwa adabu namna ile, si vizuri kumwacha hewani."

Raya aliweka barua chini. "Ulimjibu nini?"

"Kumi na mbili."

"Kwa nini kumi na mbili?"

"Ni namba nzuri. Si kubwa sana, si ndogo sana." Alimtazama usoni, na bashasha ikaanza kumtoka. "Nilidhani ni mambo ya kuchimba choo. Nilikosea?"

Mti wa kupimia wa Mzee Shekue ulikuwa na urefu wa futi ishirini. Raya alikuwa na miaka tisa mwaka ule wa mafuriko. Alikumbuka baba yake akirudi asubuhi akiwa amelowa mpaka kifuani, akisema kwamba mti hauonekani. Alikumbuka pia kwamba baba yake alipanda kwenye paa la ghala na kamba yenye mafundo, akapima kwa njia nyingine, akapata namba, akaiandika. Namba yenyewe hakuikumbuka. Hakuwahi kuihitaji, ilikuwa imeandikwa.

Alichukua karatasi, akaandika: Simamisha kila kitu. Jibu la awali si langu. Alimwomba Tenge muhuri, na Tenge aliugonga mwenyewe mara mbili. Barua ikaenda. Kabla hawajakaa, karatasi iliteleza chini ya mlango.

Mlekwa alikuwa mtu makini; ndiyo sababu Raya alimchagua. Aliandika kwamba amepokea barua mbili zenye muhuri mmoja. Ya kwanza ina namba, ya pili haina. Saruji imefika, haiwezi kukaa kwenye unyevu, na mafundi wameletwa kwa siku hizo tu. Mwenyewe uliniagiza nifuate muhuri. Kama hakuna namba nyingine, tunajenga kwa kumi na mbili.

Raya aliisoma mara mbili. Alikaa kwenye kiti cha Tenge. Nje, Chausiku alikuwa anampigia mtu hodi kwa sauti ya mzee mwenye pumu, na Bwana Mdoe akaitikia "Karibu" kutoka mwisho wa korido.

"Unaijua?" aliuliza Tenge kwa sauti ya chini. "Hiyo namba ya kweli."

"Hapana."

"Sasa?"

Najua tu imezidi ishirini, alifikiri. Ishirini na moja inazidi ishirini. Arobaini nayo inazidi, ila kwa arobaini nondo hazitatosha, na wataacha kujenga, na watoto watavuka kwa kamba kama sasa. Alijaribu kumwona baba yake juu ya paa la ghala, na kamba mkononi, na kuhesabu mafundo yaliyokuwa yamelowa. Aliyaona mafundo. Kila alipoanza kuhesabu, alijua kwamba ni yeye anayeyafunga.

Alichovya kalamu. Kwa mwandiko ulionyooka, katikati ya karatasi, aliandika: futi ishirini na saba. Kisha, kwa kuwa namba tupu isingemtosha mtu makini kama Mlekwa, aliongeza chini yake: Chanzo: daftari la kumi na moja.

Tenge aligonga muhuri. Jibu lilikuja wino ukiwa mbichi bado, neno moja tu, "Asante", na Raya aliendelea kulitazama mpaka likakauka.